Krismasi Ambazo Sikwenda Nyumbani

Kwa miaka ishirini na mitatu sikwenda nyumbani Krismasi. Kwa watu wa huku kwetu hilo si jambo dogo. Ikifika katikati ya Desemba mji wa Arusha unaanza kupungua watu. Wachaga wanakwenda Kilimanjaro, na sisi Wameru, ambao kwetu ni karibu kiasi kwamba mtu anaweza kwenda asubuhi akarudi jioni, hatuna hata kisingizio cha umbali. Kutoka Sombetini ninakoishi hadi kwa mama yangu, kwenye miteremko ya Meru juu ya Tengeru, ni mwendo wa saa moja na kidogo. Mimi nilibaki. Nilisema kuna wateja, mtoto anaumwa, gari limeharibika. Ni fundi makochi, na ni kweli kwamba Desemba kila mtu anataka sebule yake ing'ae, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na mahali pa kushika.

Na bado nilipatamani nyumbani. Siku ambazo wingu linaondoka mapema, nikifungua karakana nauona mlima mzima, na najua kabisa ni chini ya bega gani la mlima mama yangu anachota maji muda huo. Nilikumbuka harufu ya kahawa inapochanua baada ya mvua, na sauti ya mfereji unaopita nyuma ya jiko. Nilikumbuka loshoro ya mama, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, ile chachu kidogo, ambayo mke wangu alijifunza kupika ili kunifurahisha. Aliipika vizuri. Nilikula nikasema asante, kisha nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa karibu kulia na sikuwa na maelezo ya kumpa.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Alituacha mimi na mama kwenye shamba la migomba na kahawa, katikati ya mashamba ya ndugu zake. Mdogo wake baba ndiye aliyekuwa msomi wa ukoo. Alifanya kazi ofisini, nyumba yake ilikuwa na umeme kabla ya wengine, na kanisani alikaa mbele. Nilipofika darasa la tatu alimwambia mama kwamba ninaonekana na akili, nipelekwe kwake jioni nisome kwenye mwanga. Mama alishukuru mpaka akapiga magoti.

Alinifanyia mambo ambayo mtu mzima hapaswi kumfanyia mtoto. Sitayaandika zaidi ya hapo. Yalianza nikiwa na miaka tisa, yakaendelea mpaka karibu na mtihani wa darasa la saba. Siku ya kwanza aliniambia, kwa sauti ileile aliyokuwa akinisomea hesabu, kwamba shamba letu ni mali ya ukoo, na nikifungua mdomo mama yangu atafukuzwa arudi kwao mikono mitupu. Nilimwamini. Nilikuwa nimewasikia wanawake mferejini wakisimulia juu ya wajane waliofukuzwa.

Mara moja nilijaribu. Nilimwambia mama, "Sitaki tena kwenda kwa baba mdogo."

Alikuwa anapepeta maharage. Aliuliza, "Kwa nini?"

"Sitaki tu."

"Wenzako wanatafuta nafasi hiyo hawaipati. Uvivu huo umeutoa wapi?"

Mama akaendelea kupepeta, na jioni ile nikaenda.

Nilipomaliza kidato cha nne nilishuka mjini nikiwa na begi moja, nikajifunza ufundi kwa mzee mmoja wa Kichaga aliyekuwa na karakana ndogo, na sikurudi kuishi kule. Nilimtumia mama sukari, mchele, khanga, dawa za macho. Alipokuja mjini kliniki alilala kwangu, akanitazama kwa ule mtazamo wa mtu anayetafuta kosa lake. Mara moja nilimsikia akimwambia mke wangu jikoni, "Mwanangu ananiheshimu, lakini hanipendi." Nilisimama nje ya mlango na kiroba cha mkaa mkononi. Ningeweza kuingia. Sikuingia.

Miaka mitatu iliyopita niliitwa Njiro, kwenye nyumba moja ya ukuta mrefu iliyogeuzwa ofisi ya ushauri nasaha. Mama mmoja wa makamo, ambaye ndiye mshauri pale, alitaka nivike upya viti kumi. Kabla sijapima alinieleza jinsi vinavyopaswa kukaa.

"Viwe vyepesi," alisema, "mtu aweze kuvigeuza mwenyewe. Na kusiwe na kiti kinachoupa mlango mgongo."

Nikamuuliza, kwa utani wa fundi, kama wateja wake wanaogopa wezi.

"Wengi wao waliumizwa wakiwa watoto," alisema. "Hawapendi kukaa bila kuona nani anaingia."

Nilikuwa na tepu mkononi. Nikafikiria meza yetu ya chakula, na mahali pangu, na jinsi binti yangu alivyokaa siku moja kwenye kiti changu nikamfokea mpaka akalia. Nikafikiria karakana, ambako nimepanga meza ya kukatia ili nitazame barabara, na kanisani, ambako siku zote nakaa benchi la mwisho. Nilipima viti vyote kumi, nikaandika vipimo, na nilipofika nyumbani nikakuta nimeandika namba zisizoeleweka kabisa.

Nilirudi kupima tena. Yule mama alinishikia ncha ya pili ya tepu. Niliporudisha viti vikiwa tayari, nikabaki nimesimama na kofia yangu, nikasema, "Na wanaume wanakuja?"

"Jumamosi saa tisa alasiri," alisema. "Wako watano. Ukija huhitaji kusema chochote."

Nilikwenda, nikakaa kwenye kiti nilichokivika mwenyewe, na kwa Jumamosi nne sikusema chochote. Kuna jambo ambalo mwanamume wa kwetu aliyefanyiwa hivyo na mwanamume mwenzake analiogopa kuliko kifo, nalo ni kwamba watu watamtazama yeye kana kwamba ndiye mwenye doa. Pale nilimkuta kijana mwendesha bodaboda niliyekuwa namfahamu kwa sura, na mzee mmoja mstaafu wa serikali aliyevaa suti kila mara. Jumamosi ya tano yule mzee alisema, "Nina miaka sitini na minne. Mke wangu amekufa bila kujua kwa nini nilikuwa sipendi kuguswa shingoni. Alidhani ni yeye." Alisema hivyo tu, akafuta miwani.

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Kwangu mimi alikuwa baba mdogo."

Mshauri alitufundisha mambo yanayosikika madogo. Kwamba mtoto hawezi kukubali jambo ambalo hajui ni nini. Kwamba hasira zangu, na kuamka kwangu na moyo ukidunda, si ukorofi wala si mapepo. Alipenda kuturudisha kwenye mwili: weka miguu sakafuni, taja vitu vitatu unavyoviona. Sikuamini mambo hayo mpaka siku moja nilipokuwa karakanani, harufu ya mafuta ya nywele aliyokuwa akipaka baba mdogo ikaingia na mteja, nikashika fremu ya kochi nikajisemea kimoyomoyo, mbao, mkasi, kalenda, nikabaki palepale badala ya kutoroka.

Bado sikuwa nimemwambia mke wangu. Yeye alijua naenda Njiro Jumamosi, akadhani ni kikundi cha mafundi. Pengine ningeendelea hivyo kwa muda mrefu. Kilichonilazimisha ni simu ya mama, mwezi wa kumi na moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Sikiliza, nimemwomba mkeo aniletee mjukuu wangu likizo. Kama wewe huji, yeye aje. Tumekwisha kupanga. Hata baba yako mdogo amefurahi, anasema atakuwa anamfundisha hesabu jioni."

Binti yangu alikuwa na miaka tisa.

Nilikata simu bila kuaga. Nilimkuta mke wangu anakunja nguo, nikamwambia mtoto haendi. Akaniuliza kwa nini, kwa uchovu, kama mtu aliyekwisha kuuliza mara nyingi. Nikakaa kitandani katikati ya nguo nikamweleza. Nilisema maneno machache tu, kama matano au sita, lakini yalinichukua muda mrefu. Mke wangu hakulia. Alichukua shati langu alilokuwa akilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Miaka kumi na minne ya ndoa," alisema. "Nilidhani una mtu mwingine. Kila Desemba nilidhani una mtu."

Kisha akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalikimbia. "Na watoto wengine wa kule? Anawafundisha nani hesabu?"

Kesho yake, siku ya kazi, nilifunga karakana nikapanda mlimani peke yangu. Nilisimamisha gari kwenye kona ya mwisho nikakaa humo mpaka kioo kikaingia ukungu. Nilitaja vitu vitatu: migomba, bomba la maji, mbwa. Halafu nikashuka.

Mama alikuwa anachambua kahawa juu ya kichanja. Alipoona ni mimi aliweka mikono kifuani. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Shikamoo."

Alikuwa anatazama uso wangu. Nikamwambia tukae, tukakaa kwenye benchi la nje, na mimi nikamwambia nikitazama kahawa, kwa sababu yeye sikuweza kumtazama. Nilimwambia alichonifanyia mdogo wake baba, na ni kwa muda gani, na kwamba ndiyo sababu siji.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema.

"Nilikwambia sitaki kwenda."

Nilisema bila hasira, lakini niliona neno hilo lilivyomwingia. Alifumba macho. "Nilikuwa napepeta maharage," alisema taratibu. "Nikakuita mvivu."

Sikujua kama alikuwa anaikumbuka siku ile. Kumbe tulikuwa tunaikumbuka wote wawili.

"Alisema nikisema utafukuzwa shambani," nikamwambia.

Mama akanyanyuka, akaingia ndani. Nikasikia sanduku likifunguliwa. Akarudi na bahasha ya nailoni, ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa baba yangu, mwaka mmoja kabla hajafa, kwamba shamba ni la mama na la mtoto wake, na ilikuwa na saini za wazee wa ukoo na muhuri wa kijiji. Chini kabisa, miongoni mwa mashahidi, palikuwa na saini ya baba mdogo.

"Alijua," mama alisema. "Alisaini mwenyewe. Hakuna mtu angeweza kunitoa hapa."

Nimewahi kujaribu kuwaeleza wenzangu wa Jumamosi nilivyojisikia wakati ule na sijafaulu. Nilikuwa nimeulinda mlango miaka thelathini, na mlango ule haukuwa na mtu nyuma yake. Nilimkumbuka kwa uchungu mama yangu huku ameketi kando yangu. Nilimkumbuka yule wa zamani, mwenye nywele nyeusi, anayekimbia kwenye mteremko na ndoo kichwani, ambaye ningeweza kumwendea nikiwa na miaka tisa nikamuuliza tu, mama, eti shamba hili ni la nani? Angenionyesha karatasi. Pengine ingeishia pale.

Mama hakunikumbatia, sisi si watu wa kukumbatiana. Alinishika kifundo cha mkono, akakishikilia kwa nguvu, mpaka jua likahama kwenye kichanja.

Ukoo uliitishwa Jumapili iliyofuata. Baba mdogo alikuja na fimbo, amezeeka, koti linampwaya. Nilikuwa nimemwogopa mtu mkubwa kwa miaka yote ile, na aliyeingia alikuwa mfupi kuliko mimi. Alisikiliza, kisha akasema nimeharibiwa na mji na kwamba nataka shamba lake. Mzee mmoja akasema jambo hili ni la aibu, tulimalize humuhumu ndani, aombe msamaha, achinje mbuzi.

Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akisema kwenye kikao cha wanaume, akasimama. "Mimi ndiye niliyempeleka," alisema. "Kwa mkono wangu, kila jioni, na nikashukuru. Mbuzi wenu sitamla. Watoto wa nyumba hizi wote wanapita kwenye mlango wake."

Hapo ndipo binti wa baba mdogo mwenyewe, dada yangu wa ukoo anayefanya biashara Moshi, alipoingia. Nilikuwa sijamwita. Mama ndiye aliyempigia. Alisimama karibu na mlango, hakumsalimia baba yake, akasema, "Anachosema ni kweli. Ninajua kwa sababu yalinipata mimi kabla yake." Baadaye, nje, aliniambia, "Ulipoacha kuja Krismasi, nilijua. Nami nikaacha. Nilitamani kukupigia simu kila mwaka, nikashindwa nianzie wapi." Tulicheka kidogo, sijui kwa nini, tukiwa tumeshika uzio.

Tulikwenda wote wawili na mama kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Askari wa kike aliyetupokea alituweka chumba cha pembeni, akaandika taratibu, na nilipokwama alisubiri. Ofisa ustawi wa jamii alipanda kijijini kuzungumza na wazazi. Iligundulika kwamba watoto wawili wa jirani walikuwa wakienda kusoma pale. Mmoja, namshukuru Mungu, hakuwa ameguswa. Wa pili sasa anaonana na mshauri kila wiki, na mama yangu ndiye anayemsindikiza, kwa sababu mama yake ana kichanga. Shauri bado linaendelea. Baba mdogo anaishi kwa ndugu mwingine mbali na watoto, amekataa kila kitu, na inawezekana akafa akiwa amekataa. Nilidhani nitahitaji kumsikia akikiri. Siku hizi sijui kama nahitaji.

Mambo mengine yalibadilika kwa sababu mke wangu ni mkaidi. Kwenye kikao cha wazazi cha shule ya binti yetu alisimama akauliza kwa nini masomo ya ziada yanafanyika nyumbani kwa mtu, mlango umefungwa. Baba mmoja akanung'unika kwamba tunataka kuwafundisha watoto utundu kabla ya wakati. Nikasimama.

"Mimi sikuwa na maneno," nikasema. "Nilikuwa na miaka tisa, nikasema sitaki kwenda, na hayo ndiyo maneno yote niliyokuwa nayo. Mtoto wako akisema hataki kwenda mahali, usimwite mvivu. Acha unachofanya. Kaa chini. Muulize, halafu nyamaza usikie."

Wengine walitazama sakafu. Yule baba aliyenung'unika alinifuata kwenye maegesho akanipa mkono, akaushika muda mrefu, akaondoka. Sasa masomo ya ziada yanafanyika darasani, madirisha wazi, walimu wawili. Watoto wamefundishwa majina ya viungo vyao bila kuchekwa, na kwamba siri inayomfanya mtoto aogope si ya kutunzwa, hata kama ni mtu mzima aliyeomba itunzwe. Binti yangu alirudi nyumbani akanieleza yote hayo kwa ukali kidogo, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

Krismasi iliyopita tulikwenda nyumbani, wote watatu. Nilidhani nitafika na ile njaa ya miaka yote itaisha. Haikuisha. Mfereji umejengewa saruji, hauna tena sauti ile. Kahawa nyingi imeng'olewa, pamepandwa mboga. Kanisani watu niliocheza nao wamekuwa wababa wenye vitambi, na wana utani wao ambao sikuwepo ulipoanza. Wakicheka, nami nacheka nikiwa nimechelewa kidogo. Macho ya mama yamefifia. Ananitazama akiinamisha kichwa upande, na najua kuna miaka aliyokuwa akiona vizuri ambayo sikuwepo kutazamwa.

Lakini nililala kwenye kitanda changu cha zamani, na asubuhi niliamshwa na mama akimfundisha binti yangu kuwasha moto wa kuni, wanabishana, moshi umejaa. Nilibaki nimelala makusudi ili niwasikie.

Tulipoondoka, mama alitusindikiza mpaka barabarani, na mkungu wa ndizi akataka kuubeba yeye. Alisimama, akaniaga kwa heshima zote, "Haya baba, salimia huko, mmefanya vizuri kuja." Ndivyo tunavyoaga wageni. Nilitazama kwenye kioo mpaka kona ikamficha, nikatamani siku moja niondoke kwa mama yangu kama wanavyoondoka watoto wa nyumbani, bila kusindikizwa, mlango ukiwa wazi, yeye akiendelea na kazi zake.